Matuta na Mchanga wa Ukambani

Mwishoni mwa Julai 1938 watu wa Machakos walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi. Walikuwa mamia kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, na haja yao ilikuwa moja: kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, wamwambie awarudishie ng'ombe wao. Walikaa mjini wiki kadhaa, wakilala nje, wakipika pamoja, wakingoja. Aliyewaongoza ni Muindi Mbingu, ambaye jina lake leo limeandikwa kwenye kibao cha barabara katikati ya Nairobi. Wapita njia wengi hawajui kwamba mtu huyo aliingia katika historia kwa sababu ya ng'ombe, na kwamba nyuma ya ng'ombe kulikuwa na ugomvi kuhusu udongo na maji ya mvua.

Machakos, sehemu ya Ukambani, yaani nchi ya Wakamba, ni nchi ya vilima: Mua, Iveti, Mbooni, Kilungu. Ukiteremka kutoka vilima hivyo kuelekea Makueni, Yatta na ng'ambo ya mto Athi hadi Kitui, nchi inazidi kukauka. Mvua huja kwa misimu miwili, masika na vuli, na mkulima huko huitegemea vuli zaidi, kwa maana masika huweza kupita na mawingu yake bila kuacha kitu. Zikija, huja kwa kishindo. Mvua ya mwezi mzima inaweza kumwagika kwa siku chache, na mto uliokuwa mchanga mtupu asubuhi ukafurika jioni, ukang'oa miti, kisha siku ya tatu ukawa mchanga tena. Shida ya Ukambani tangu zamani si uhaba wa mvua peke yake. Ni kwamba mvua hiyo ina haraka. Atakayeweza kuichelewesha njiani ndiye atakayevuna.

Wazee wa Kikamba walijua mahali ambapo maji huchelewa yenyewe. Mto ukikauka juu, chini ya mchanga wake maji hubaki, hasa pale mwamba unapokatiza mto kwa chini na kuyazuia yasiendelee kushuka. Mahali hapo hujulikana kwa mikuyu inayobaki kijani ukingoni wakati kila kitu kimenyauka. Wanawake walichimba hapo kwa mikono, wakangoja shimo lijae polepole, wakachota kwa kata ya kibuyu, kidogo kidogo, ili wasilitibue. Shimo hilo Wakamba huliita kithima. Kiangazi kikizidi, kithima kilizidi kwenda chini, mpaka mchimbaji akawa ndani yake na mwenzake juu akipokea maji. Maji hayo yalikuwa safi kuliko ya kidimbwi chochote, kwa sababu mchanga ulikuwa umekwisha kuyachuja. Kila kitu kilichojengwa baadaye kwenye mito hiyo, kwa saruji na vyuma, kilianzia kwenye maarifa haya ya wanawake.

Maarifa hayo hayakuweza kuzuia kila balaa. Njaa kubwa ya miaka ya mwisho wa karne ya 19, ambayo Wakamba waliipa jina la Ngomanisye kwa kuwa ilienea kila mahali, ilikuja pamoja na sotoka iliyoua ng'ombe, nzige, na ndui. Wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha kufika. Kituo chao cha Machakos kilianzishwa mwaka 1889, kabla Nairobi haijakuwa mji. Watu waliobaki hai baada ya njaa walianza kujenga mifugo yao upya, na hapo ndipo serikali ilipoanza kuchora mipaka. Vilima vya Mua vikaenda kwa walowezi. Uwanda wa Yatta, ambako wafugaji walikuwa wakihamishia ng'ombe kila kiangazi ili malisho ya nyumbani yapumzike, ukahesabiwa kuwa ardhi ya Taji. Ng'ombe waliokuwa na nchi nzima ya kutembea wakafungiwa ndani ya mipaka ya rizavu, eneo walilotengewa Wakamba. Nyasi zikaliwa hadi mzizi, ardhi ikawa ngumu, na mvua iliyoangukia ardhi ngumu ikapata njia ya mkato kwenda mtoni.

Kufikia miaka ya 1930 makorongo yalionekana kila upande. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa kilimo aliyekuja kuongoza idara ya kuhifadhi udongo ya koloni, aliandika ripoti kuhusu Machakos iliyoonya kwamba nchi hiyo ilikuwa inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Aliyoyaona yalikuwa ya kweli. Picha za wakati huo zinaonyesha vilima vilivyochunwa hadi udongo mwekundu wa chini, ambao hauoteshi kitu. Lakini katika kutafuta sababu, serikali ilimtazama ng'ombe na haikutazama mpaka iliouchora yenyewe. Uamuzi ukatoka: mifugo ipunguzwe, kwa nguvu. Mwaka 1938 kiwanda cha nyama cha Liebig kilifunguliwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe. Machifu na askari wakapita maboma, ng'ombe wakahesabiwa, waliozidi idadi iliyowekwa wakachukuliwa na kunadiwa kwa bei ya kutupa.

Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa akiba ya njaa, mahari, na heshima ya nyumba. Kumnyang'anya mtu akiba yake ya ukame na kumwambia ni kwa ajili ya kumwokoa na ukame ni jambo ambalo hakuna mzee angelikubali, na hawakulikubali. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association waliwaapisha watu wasishirikiane na minada. Isher Dass, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia kufikisha malalamiko yao. Kilichoitisha serikali zaidi ni kwamba Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu ulisimamishwa, na sehemu ya waliokuwa hawajauzwa wakarudishwa kwa wenyewe.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu lilitia sumu kazi yote iliyofuata. Tangu siku hizo, afisa akitamka neno udongo kwenye baraza, wasikilizaji waliona mnada.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilirudi, safari hii na fedha. Mwaka 1946 ulianzishwa mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika, uliokuja kujulikana kama ALDEV, na Machakos ikapata fungu kubwa. Matrekta yalifika, mabwawa ya udongo yakachimbwa, malisho yakafungwa ili nyasi zirudi. Kazi ya matuta, hata hivyo, ilifanywa kwa amri. Chifu alitoa siku, watu wakatoka na majembe, na asiyetoka alitozwa faini. Wengi waliotoka walikuwa wanawake, kwa sababu waume zao walikuwa Nairobi, Mombasa au jeshini. Walichimba katika mashamba ambayo si yao, kwa mistari iliyowekwa na mtu asiyelima hapo.

Matuta ya aina ile yalikuwa ya fanya chini: unachimba mfereji kukata mteremko, na udongo unautupa upande wa chini. Ni kazi nyepesi kwa mchimbaji, maana udongo unashuka wenyewe. Mvua ikija, maji yanasimama mfereji unapokuwa mtupu. Lakini udongo unaoteremka kutoka juu unaingia humohumo mferejini, na msimu wa pili au wa tatu mfereji umejaa, maji yanaruka tuta, na palipovunjika panakuwa mwanzo wa korongo jipya. Ili lifanye kazi, tuta la fanya chini linahitaji kuzibuliwa kila mara. Tuta la kulazimishwa halizibuliwi na mtu.

Katika miaka ya 1950 mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, na sidhani mojawapo lingetosha bila jingine. La kwanza ni namna ya kutupa udongo. La pili ni nani aliyeamua utupwe.

Namna mpya ya kutupa udongo, fanya juu, inaonekana jambo dogo mpaka uishike kwa mikono. Watu watatu wanapima mstari: wawili wana miti miwili yenye urefu sawa, iliyounganishwa kwa kamba ya mita kadhaa, na katikati ya kamba inaning'inia pimamaji, ileile ya fundi mwashi. Wa tatu anakiangalia tu kile kiputo cha hewa ndani ya kioo na kusema panda, shuka, hapohapo. Kigingi kinapigwa, wanasogea. Mstari ukikamilika unauona ukizunguka kilima bila kupanda wala kushuka. Ndipo unachimbwa mfereji wa upana na kina cha kama sentimita 60 kila upande, na kila beleshi la udongo linatupwa juu, kinyume na mteremko. Mgongo unauma. Lakini sasa tuta liko juu ya mfereji, na udongo wote unaoteremka kutoka sehemu ya juu ya shamba unalikuta tuta kwanza na kusimama nyuma yake. Msimu baada ya msimu udongo huo unajaza kona, mteremko unalala, na baada ya miaka michache kilima kimekuwa ngazi za mashamba tambarare. Mvua inayoangukia hapo haina pa kukimbilia, inaingia chini. Juu ya tuta hupandwa nyasi za mabingobingo, ambazo hushika udongo na kulisha ng'ombe, na ndani ya mfereji, kwenye unyevu mwingi kuliko pengine pote, migomba. Shamba lote linakuwa ghala la maji, ingawa hakuna tone linaloonekana.

Kuhusu nani aliyeamua, jibu ni mwethya. Hilo lilikuwa jina la desturi ya zamani: mtu akitaka kujenga nyumba au kulima haraka kabla ya mvua, huita ndugu na majirani, nao huja kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Maofisa wa maendeleo ya jamii katika miaka ya 1950 waliona kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa kwa faini ingeweza kupitia mlango huo, na wakaacha vikundi vichague viongozi wao na kuamua shamba la nani litachimbwa kwanza. Viongozi wengi waliochaguliwa walikuwa wanawake. Kazi ikawa na nyimbo na sare, ikawa na mashindano kati ya kikundi na kikundi. Sisemi kwamba shuruti ilikwisha siku moja, kwani ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na chifu alikuwa bado chifu. Lakini mwanamke aliyechimba tuta kwa jirani Jumanne alijua kwamba wiki ijayo kundi zima litakuwa kwake.

Na tuta lilianza kulipa. Kahawa, ambayo kwa miaka mingi Waafrika walizuiwa kuipanda, ilifunguliwa kwa wakulima wa vilima vya Machakos katika miaka hiyo, kwa sharti kwamba shamba liwe limekwisha kukatwa ngazi. Watu waliokuwa wamekataa matuta kwa miaka kumi wakayachimba ili wapate miche. Pembeni ya kahawa zikaja nyanya, vitunguu na matunda kwa soko la Nairobi, lililokuwa likikua mlangoni mwao. Hapa ndipo ninapoona kiini cha habari yote. Mtaalamu wa 1938 na mtaalamu wa 1955 walikuwa na ujuzi unaokaribiana. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza alikuja kuchukua, na yule wa pili alikuta watu wana sababu yao wenyewe ya kutaka udongo ukae.

Uhuru ulipofika mwaka 1963 matuta mengi yaliachwa kwa muda. Yalinuka ukoloni, na haikuwa rahisi kwa mwanasiasa kuwahimiza watu warudie kazi iliyowahi kuwa ya faini. Miaka ya 1960 wengi walihamia nyanda za chini za Makueni kufungua mashamba mapya, na kituo cha utafiti cha Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos, kikatoa mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakata. Mahindi hayo, yanayojulikana hadi Tanzania kwa jina la Katumani, nayo ni njia ya kuhifadhi maji: badala ya kuirefusha mvua, unaufupisha mmea.

Kisha matuta yakarudi, safari hii bila amri. Kuanzia mwaka 1974 serikali ya Kenya kwa msaada wa Sweden iliendesha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo, uliotoa majembe, mabeleshi na mafunzo ya kupima. Mwaka 1978 ukafuata mpango wa maendeleo wa Machakos uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya. Hata hivyo sehemu kubwa ya ngazi zinazoonekana leo zilichimbwa na wenye mashamba wenyewe, kwa mwethya au kwa vibarua waliolipwa na mshahara wa mwana aliye Nairobi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichofuatilia wilaya hiyo kwa miaka 60. Watu walikuwa wameongezeka kutoka karibu 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1990, na nchi ambayo ingepaswa kuwa jangwa ilikuwa na miti mingi na mmomonyoko mdogo kuliko zamani. Wachambuzi wengine walijibu, kwa haki, kwamba Machakos ilibahatika kuwa karibu na Nairobi, kwamba familia zisizo na mtu wa mshahara hazikufaidi sawa na nyingine, na kwamba sehemu kame za chini hazifanani na vilima vya Mbooni. Ukame wa mwaka 1984 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mafanikio hayo yana mipaka. Wakamba waliuita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika: fedha ilikuwa mkononi, chakula hakikuwako dukani.

Matuta yaliituliza mvua kilimani. Mtoni bado maji yalikuwa yakipita.

Hapo ndipo kithima kilipopata ukuta. Baadhi ya kuta za kwanza za kuzuia mchanga Ukambani zilijengwa na wahandisi wa ALDEV katika miaka ya 1950, na zipo ambazo bado zinatoa maji. Lakini aliyeifanya iwe kazi ya vikundi vya kijiji ni Joshua Mukusya, mzaliwa wa Machakos, aliyeanzisha mradi wa Utooni huko Kola mwaka 1978. Ng'ambo ya pili, Kitui, shirika la SASOL lilianza katika miaka ya 1990 kujenga kuta hizo mto baada ya mto, ukuta mmoja chini ya mwingine, hadi zikafika mamia.

Kanuni yake ni hii. Mnatafuta mahali ambapo mwamba unakatiza mto karibu na uso, yaani palepale ambapo bibi zenu walichimba. Kiangazi kikiwa kikali mnaondoa mchanga mpaka mwamba uonekane msafi, kwa maana maji yakipata ufa chini ya ukuta kazi yote ni bure. Wanakikundi wanasomba mawe na mchanga kwa karai, wanachota maji ya kukorogea saruji kwa punda, na fundi anasimamisha nondo na mbao. Ukuta unapanda kwa mita moja hadi nne hivi, na mabawa yake yanaingizwa ndani kabisa ya kingo zote mbili, la sivyo mafuriko yatauzunguka na kukata njia mpya. Halafu mnaacha mvua imalizie. Mto unakuja mwekundu, umebeba chembe kubwa na tope laini. Chembe nzito zinazama nyuma ya ukuta, tope linaruka juu na kwenda zake. Msimu mmoja au kadhaa ukipita, nyuma ya ukuta kumejaa mchanga mpaka kileleni, na mgeni atadhani bwawa limeharibika. Kumbe kati ya robo na theluthi ya ujazo huo, pengine zaidi, ni maji.

Jua la Kitui, ambalo hunyonya bwawa la wazi likabaki matope yaliyopasuka, haliyafikii maji yaliyo chini ya mchanga zaidi ya mita moja. Mbu hawana pa kuzalia. Ng'ombe hawayakanyagi. Na kwa kuwa maji yamesimama mtoni, yanapenya pia kwenye kingo, kiwango cha chini ya ardhi kinapanda, visima vya jirani vinafufuka, na mtu anaweza kulima sukuma wiki mwezi wa Septemba. Mwanamke aliyekuwa akitoka saa kumi za usiku kwenda mtoni sasa hutoka kumekucha.

Mchanga huo sasa una mnunuzi. Nairobi inajenga usiku na mchana, na zege inataka mchanga wa mtoni, wenye chembe kali, kama huu wa Ukambani. Malori huingia kwenye mito ya Machakos, Makueni na Kitui, vijana wasio na kazi hupakia kwa sepetu, na kina cha mto kinashuka hadi mwamba. Mto uliochimbwa hivyo hauna tena mahali pa kuficha maji, na ukuta uliojengwa kwa jasho la kikundi kizima huweza kuachwa ukiwa umesimama peke yake juu ya jiwe. Kumekuwa na mapigano na watu wamekufa.

Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga, ikaunda mamlaka ya kuusimamia na kubana usafirishaji wake kwenda nje ya kaunti. Naiona kuwa sheria muhimu ya maji, japo neno maji halimo katika jina lake. Udhaifu wake uko kwenye malipo ya siku: mchanga ukipakiwa leo unalipa leo, na maji yaliyomo humo hayana risiti. Vikundi kadhaa vimejibu kwa njia wanayoijua, ya zamu. Wanalala mtoni wakilinda, wanaandika namba za malori, na wakikuta mchimbaji ni kijana wao wenyewe, kwanza humpeleka kwa mama yake.